Waliporudi Antiokia: Juu ya Uaminifu Baada ya Safari



Twaeni Biblia zenu, mkatafute Matendo ya Mitume, mlango wa 14, kuanzia aya ya 24 hata mwisho wa mlango. Yasomeni kwanza maneno yale, kisha rudini kwetu, maana tutakayosema hapa hayana nguvu ila yakiwa yametoka huko.

Paulo na Barnaba wamemaliza safari yao ya kwanza. Wamepita kisiwa cha Kipro, wamepanda milima ya Pamfilia na Pisidia, wamefika Ikonio, Listra na Derbe. Huko Listra Paulo alipigwa mawe, akaburutwa nje ya mji, watu wakidhani amekwisha kufa. Sasa wanashuka Atalia, wanaingia merikebuni, wanarudi Antiokia, mji walikotoka. Habari za safari yenyewe Luka amezieleza katika milango miwili, bali habari za marejeo amezieleza katika aya tatu tu. Watu wengi husoma aya hizo tatu upesi, kama msafiri aonaye paa la nyumba yake na kusahau njia iliyobaki. Lakini sisi twaziona kuwa ni za maana sana kwa wakati huu, na sababu yake ni hii.

Mwezi wa Julai, mavuno yalipokwisha, watu tisa wa usharika wetu walitumwa kwenda ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Zambia, nasi tulikuwa pamoja nao. Tulitoka Sumbawanga, tukapita Matai, tukavuka mpaka Kasesya, tukafika Mbala, na baada yake tukatelemka mpaka Mpulungu penye Ziwa Tanganyika. Tulikaa huko siku 14. Tulihubiri, tuliimba, tulitembelea wagonjwa, tukafundisha watoto. Wamambwe na Walungu wakaao kule si wageni kwetu, maana lugha zao na Kifipa ni ndugu, na mpaka ule ulichorwa na wakoloni, si na babu zetu. Hata hivyo ilikuwa safari ya nchi nyingine, kwa vyeti vya kusafiria na kwa fedha nyingine. Tuliporudi tulipokewa kwa vigelegele na ngoma, tukala ugali wa ulezi, tukamshukuru Mungu.

Basi, hayo yalikuwa Julai. Sasa mvua zimeanza, watu wako mashambani, na vigelegele vimekwisha. Wako wanaouliza, Je, mwaka ujao tutakwenda wapi? Ni swali jema, lakini si swali la kwanza. Kwanza yatupasa kuuliza, Yale ya mwaka huu yamekuwaje? Maana kwenda ni kazi ya siku 14, bali kuwa mwaminifu baada ya kwenda ni kazi isiyo na tarehe ya kurudi. Na tuone, basi, Paulo na Barnaba walifanya nini.

Jambo la kwanza: walirudi kwa wale waliowatuma. Luka asema kwamba Antiokia ndiko walikokuwa wamekabidhiwa neema ya Mungu kwa ajili ya kazi ile. Hawakuwa wamejituma. Katika mlango wa 13 twasoma kwamba kanisa lilifunga na kuomba, likaweka mikono juu yao. Kwa hiyo safari ile haikuwa mali ya Paulo wala ya Barnaba. Ilikuwa mali ya Bwana, nayo ilikuwa amana ya kanisa lile. Mjumbe akiisha kupeleka ujumbe humrudia aliyemtuma, naye humpa majibu.

Sisi nasi, nani alitutuma? Hatukwenda kwa fedha zetu. Mtu mmoja alileta debe la mahindi, wa pili akaleta maharage, na mjane mmoja alileta kuku wake, ambaye twajua hakuwa na wengi. Wengine hawakuwa na kitu, wakatuombea kila jioni muda wote tulipokuwa njiani. Hao wote walikwenda Zambia, ijapokuwa miguu yao haikutoka Milanzi. Kwa hiyo yeye aliyesafiri na kurudi hana haki ya kukaa kanisani kama mtu aliyepanda cheo. Ana deni. Paa la mjane yule lavuja wakati huu wa mvua. Ikiwa tuliweza kubeba matofali ya ndugu wa Mbala wiki nzima, kisha hatuwezi kupanda juu ya nyumba yake siku moja na mafungu ya nyasi, Mungu atatuuliza kama tulikwenda kule kwa upendo au kwa kupenda kusafiri.

Tena jina la Milanzi lina habari yake. Wazee wa Ufipa husimulia kwamba zamani sana, kabla ya utawala wa Watwa, palikuwa na mfalme hapa Milanzi, chini ya mlima Itwelele. Siku moja alikwenda kuwinda mbali. Kabla ya kuondoka alimwonya mkewe kwamba wageni watakuja, asiwape kiti cha mfalme. Wakaja wanawake watatu, wageni; naye mke akawapa kiti. Mfalme aliporudi alikuta nchi ina wenyewe wengine, ikabidi apatane nao, akabakiwa na Milanzi na mambo ya ibada, wao wakatwaa utawala. Hatusemi habari hii ni Neno la Mungu. Ni masimulizi ya wazee wetu. Lakini yamtosha mtu kujiuliza: nilipokuwa mbali katika kazi njema, nani alikalia kiti nyumbani mwangu? Mwalimu ahubiriye nchi ya mbali, na nyumbani mwake hapaombwi hata kabla ya chakula, kiti chake kimekwisha kutwaliwa. Mzee wa kanisa aombeaye wagonjwa wa Mpulungu, naye hasemi na ndugu yake wa tumbo moja kwa ajili ya mpaka wa shamba, kiti chake kimekaliwa na mgeni. Hasara ya namna hii hailetwi na safari peke yake. Safari huifunua tu.

Jambo la pili: walilikusanya kanisa, wakaeleza mambo yote Mungu aliyoyatenda pamoja nao, na jinsi alivyowafungulia Mataifa mlango wa imani. Angalieni vizuri nani ni mtenda kazi katika taarifa hiyo. Ni Mungu. Paulo alikuwa na makovu ya mawe mwilini mwake, angeweza kuyafanya kuwa hotuba ya siku nzima. Alieleza kazi ya Mungu.

Ndugu, kuna namna ya kueleza safari ambayo huiharibu safari yenyewe. Wako wasemao habari za barabara, na bei za samaki, na jinsi walivyougua tumbo, mpaka saa ya ibada imekwisha. Hayo ni makosa madogo. Kosa kubwa ni kuwaeleza wenyeji kana kwamba wao ni maskini na sisi ni watoaji. Siku hizi karibu kila mtu ana simu yenye kupiga picha. Nyumba tuliyolala Mbala ni ya mtu aliyetupisha kitanda chake, akalala chini na watoto wake. Mbuzi tuliyekula alikuwa wa karo ya shule. Je, ni haki kuonyesha huku na huku picha ya mtoto wa mtu yule mwenye shati lililochanika, watu wakasikitika au wakacheka? Mtoto yule ana jina, na baba yake ni ndugu yetu katika ubatizo. Ulizeni kwanza: kama yeye angekuja Milanzi, akapiga picha za jiko letu na za watoto wetu wakitoka shambani, akawaonyesha watu wa kwao, tungefurahi? Mgeni hulindwa na mwenyeji anapokuwapo. Na mwenyeji alindwe na mgeni akiisha kuondoka. Huo nao ni uaminifu.

Tena kweli na isemwe yote. Tulikwenda tukidhani tutafundisha, nasi tulifundishwa. Tuliona akina mama wakitembea mwendo wa saa mbili kwa miguu kuja kwenye maombi ya asubuhi, na mwalimu wao hana baiskeli, wala hakulalamika. Mambo hayo yakielezwa kanisani, hujenga. Aliyeyatenda ni Mungu, naye alikuwa amekwisha kuyatenda kabla hatujafika.

Jambo la tatu: wakakaa huko pamoja na wanafunzi wakati usio mchache. Luka hasemi walifanya nini siku hizo. Hapana miujiza iliyoandikwa. Walikaa, yaani walifundisha, waliomba, waliumega mkate, walitatua magomvi. Hiyo ndiyo sehemu iliyo ngumu kwa mtu aliyerudi. Huko alikuwa akisikilizwa. Hapa watu wamemzoea. Huko alihubiri mara mbili kila siku. Hapa zamu yake ni mara moja kwa mwezi, na siku hiyo mvua inanyesha na wamekuja watu kumi na mbili. Ndipo moyo husema, Afadhali ningalikuwa kule.

Wazee wetu wa Ufipa walikuwa mafundi wa kuyeyusha chuma. Mpaka leo katika nyanda zetu yaonekana mabaki ya matanuru yao ya udongo, yaitwayo malungu, marefu kupita kimo cha mtu. Tanuru hilo walilijaza makaa na mawe yenye chuma, wakaliwasha, nalo likawaka kwa upepo uliojiingiza wenyewe katika mianya ya chini, wala hawakuvukuta. Lilikuwa jambo kubwa, lenye miiko na nyimbo. Lakini donge lililotoka humo lilikuwa bado limechanganyika na takataka, halikufaa kufuliwa jembe. Ilibidi litiwe tena katika tanuru ya pili, ndogo, iitwayo kintengwe, na hapo watu walivukuta kwa mikono yao kwa taabu, mpaka chuma kikawa safi. Ndipo mhunzi alipoweza kufanya jembe la kulimia.

Twadhani kwamba safari ya Injili ni kama ile tanuru kubwa. Moto wake huwaka kwa upepo usio wetu: nyimbo, mambo mapya, machozi ya kuagana. Mtu hutoka humo amebadilika kweli, wala tusimdharau. Lakini bado amechanganyika. Tanuru ndogo ni nyumbani, ni usharika wake, ni shamba lake, ni mke wake na watoto, ni jirani yake mgumu. Hapo hapana upepo ujao wenyewe. Hapo huvukutwa kila siku. Naye asiyekubali kuingia katika tanuru ndogo hatakuwa jembe, ijapokuwa amepita katika kubwa mara kumi.

Tutoe mfano wa watu waliopita katika nchi hii. David Livingstone alipokufa katika kijiji cha Chitambo, tarehe 1 Mei 1873, watumishi wake, na wakuu wao walikuwa James Chuma na Abdullah Susi, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa jua, wakaubeba mpaka pwani. Njia yao ilizunguka kusini ya Ziwa Tanganyika, ikapita Ufipa, ikafika Unyanyembe. Huko Mwingereza mmoja, Cameron, aliwashauri wauzike mwili pale pale, wao wakakataa. Mwezi wa Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo. Mwili ukazikwa London tarehe 18 Aprili 1874. Chuma na Susi hawakuwapo kwenye mazishi. Waliitwa Uingereza baadaye mwaka ule ule, wakakaa miezi michache, wakaheshimiwa, wakapewa nishani, wakasaidia kutengeneza kitabu cha safari za mwisho za bwana wao.

Watu husimulia habari hiyo na kukomea hapo, penye nishani. Lakini sisi tuulize: waliporudi je? Chuma alirudi kwenye kazi ya misafara. Mwaka 1876 aliongoza msafara wa Askofu Steere uliowapeleka watu waliokombolewa utumwani mpaka Masasi, wakaanza makao ya Kikristo yaliyodumu hata leo. Mwaka 1879 alikuwa mkuu wa wapagazi wa Joseph Thomson, akapita tena Ufipa mwaka 1880, njia ile ile aliyopita na mzigo ule wa huzuni. Akafa Unguja mwaka 1882. Susi alikuwa Mwislamu siku zote zile alizomtumikia Livingstone. Alibatizwa Unguja mwaka 1886, miaka 13 baada ya kifo cha bwana wake, akaitwa David, akafa mwaka 1891. Twaona basi kwamba safari yao ya Uingereza haikuwa kilele cha maisha yao. Chuma aliyeonekana mbele ya wakuu wa Uingereza alikubali kuhesabu mizigo na kuamsha wapagazi alfajiri. Na katika Susi twaona kwamba Mungu hana haraka. Mbegu iliyopandwa katika safari ilizaa baada ya miaka mingi, nyumbani, bila kelele.

Jambo la nne limo katika mlango wa 15, aya ya 36. Baada ya siku kadhaa Paulo alimwambia Barnaba warudi wakawaangalie ndugu katika kila mji walikohubiri, waone wako katika hali gani. Yaani hakuwasahau. Wale wa Listra hawakuwa kwake habari ya kusimulia, walikuwa watu.

Karibu na Mpulungu tuliona kuta za kanisa la mawe la Niamkolo, lililojengwa na watu wa misheni ya London miaka ya 1895 na 1896. Mwaka 1908 mahali pale paliachwa kwa sababu ya malale. Paa halipo tena, kuta zimesimama. Mtu akiziona aweza kusema, Kazi ilipotea. Lakini haikupotea, kwa sababu misheni ile haikujenga kuta tu. Ilifundisha watu, na sharika zake zilikuwa miongoni mwa zile zilizoungana kuwa Kanisa la Muungano la Zambia mwaka 1965. Jiwe halina kumbukumbu. Kilichodumu ni watu waliofundishwa, wakafundisha wengine.

Nasi tuliacha nini huko? Tuliacha watu 11 walioomba kufundishwa kwa ubatizo, na mwalimu mmoja wa kuwafundisha. Mbele ya mkutano wote tuliahidi mambo matatu: kumpelekea vitabu vya Katekisimo, kumtafutia baiskeli, na kurudi watu wawili, si tisa, kabla ya Pasaka, wakae naye wiki tatu kumsaidia kazi ya mafundisho. Fedha za vitabu zimekwisha kupatikana. Za baiskeli zimefika nusu. Kwa ajili ya watu wawili hapana aliyejitoa bado, kwa maana safari ya watu wawili haina kwaya wala vigelegele, nayo itaangukia wakati wa palizi.

Twasema wazi mbele ya sharika zote: shauri letu ni kwamba pasiwe na safari mpya mahali pengine mpaka ahadi hizi tatu zimetimizwa. Wako watakaosema kwamba tunazuia Injili. Sivyo. Ahadi iliyotolewa kwa jina la Kristo ikivunjwa, huzuia Injili kuliko mito iliyofurika. Watu wale 11 wakingoja mpaka wakachoka, hawatasema, Watu wa Milanzi walisahau. Watasema, Wakristo ndivyo walivyo. Sisi Walutheri tu wachache katika Ufipa, ambako mapadre wa Kikatoliki walifika Karema tangu mwaka 1885 na kazi yao yaonekana kila mahali. Wachache hawawezi kufanya mengi, lakini waweza kutimiza neno walilosema.

Pengine yuko mmoja miongoni mwa wale tisa asomaye haya, naye moyo umekwisha kupoa. Alilia sana siku ya kuagana. Sasa haji hata ibadani. Asidhani tumemwandikia ili kumwaibisha. Na akumbuke habari za Yohana Marko. Yeye aliwaacha wenzake Pamfilia, akarudi Yerusalemu. Na Paulo hakutaka kumchukua mara ya pili, hata wakagombana na Barnaba. Lakini mwishoni, katika waraka wa pili kwa Timotheo, mlango wa 4, Paulo aliye kifungoni anamwita Marko aletwe, maana amfaa kwa utumishi. Aliyeshindwa katika safari alifaa baadaye. Mlango haukufungwa.

Wala mtu asidhani kwamba uaminifu huu tutautoa mfukoni mwetu. Dr. Martin Luther, katika maelezo ya sehemu ya tatu ya Imani, atufundisha kwamba hatuwezi kumwamini Kristo wala kumjia kwa akili au nguvu zetu wenyewe, ila Roho Mtakatifu ndiye atuitaye na kutuhifadhi. Kama hatukuweza kuja kwa nguvu zetu, tutawezaje kudumu kwa nguvu zetu? Katika waraka ule ule, mlango wa 2, Paulo afundisha kwamba sisi tusipokuwa waaminifu, yeye Kristo hubaki mwaminifu. Yeye alikuja kwetu kutoka mbali kuliko safari zote, akakaa, wala hakutuacha. Na hata alipopaa aliahidi kuwa pamoja nasi, na ahadi hiyo haijapungua siku moja. Uaminifu wetu ni mwangwi wa uaminifu wake. Kwa hiyo twaweza kuanza tena kesho asubuhi bila hofu.

Basi, ninyi walimu, someni aya hizi pamoja na watu wenu Jumapili ijayo, mwaulize: Nani ametutuma? Tumeeleza kazi ya nani? Tumekaa na wenzetu? Tumewakumbuka wale tuliowaacha? Na yeyote, wa Milanzi au wa usharika mwingine, aliye tayari kuwa mmoja wa wale wawili kabla ya Pasaka, na awaambie wazee wake. Hatutamwahidi ngoma wakati wa kurudi. Twamwahidi maombi yetu kila jioni, na shamba lake litapaliliwa.

Bwana aliyeianza kazi njema kwetu na aikamilishe. Amina.